Ng'ombe ni Yule Yule, Mbona Maziwa Si Yale Yale?

Mkulima wa skimu, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Mwezi wa Novemba ng'ombe wako alikupa lita 12 kwa siku. Mwezi wa Februari anakupa 7, wala hana ugonjwa. Tena karani anatumbukiza laktomita katika maziwa yako, kisha anakutazama kama mtu aliyetia maji. Maziwa yakikataliwa umepoteza fedha za siku hiyo, na jina lako pia.

Tuanze na maji. Katika lita 100 za maziwa, lita 87 hivi ni maji. Ng'ombe atoaye lita 10 huhitaji lita 50 za maji au zaidi kila siku. Wengi wetu huku Kisii na Nyamira tunakaa mlimani na mto uko bondeni, kwa hiyo ng'ombe huletewa debe mbili asubuhi, basi. Hizo hazimtoshi. Ng'ombe mwenye kiu hupunguza kula, na maziwa hupungua siku hiyo hiyo. Weka mifereji katika paa la mabati na tangi chini yake, nayo mvua ya Aprili itakupunguzia safari za mtoni.

Joto si adui mkubwa kwetu. Nyansiongo na Kijauri ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ng'ombe wa Friesian hupenda baridi kuliko sisi. Joto likipita digrii 25 huanza kula kidogo. Lakini banda lenye mabati ya chini, lisilo na upepo, saa nane mchana mwezi wa Februari, ni tanuri. Inua paa, acha upepo upite, na chakula kingi kitie horini jioni, maana usiku ng'ombe hula vizuri.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi hukosea. Wakati wa kiangazi, nepia iliyokomaa ikawa ngumu kama miwa haimshibishi ng'ombe. Maziwa hupungua, na uzito wake katika laktomita pia hushuka kidogo. Ikate inapofika kimo cha mita moja hivi, uchanganye na desmodi au majani ya viazi vitamu. Mvua za Machi zikianza, mambo hugeuka: majani ni machanga, maziwa ni mengi, lakini mafuta yamepungua, na mama wa nyumbani anaona chai haina weupe. Majani machanga yana nyuzinyuzi chache, na ng'ombe hacheui vya kutosha. Mpe nyasi kavu au mabua ya mahindi kwanza, kisha majani mabichi. Ukizidisha chakula cha dukani pasipo majani, mafuta yatapungua vile vile.

Kukamua nako kuna mambo yake. Maziwa ya kwanza kutoka ni mepesi, na ya mwisho ndiyo yenye krimu. Ukimwachia ndama yale ya mwisho, yeye atanenepa na ndoo yako itapata mepesi. (Ndama hana kosa hapo.) Tena, ukikamua saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri, maziwa ya asubuhi yatakuwa mengi zaidi na yenye mafuta machache, kwa kuwa yamekaa kiweleni muda mrefu. Usishangae.

Matope ni hatari zaidi ya baridi. Ng'ombe akilala katika matope baada ya mvua ya alasiri, ugonjwa wa kiwele huingia kwa urahisi. Maziwa hupungua na ladha yake hugeuka kuwa ya chumvi. Kila asubuhi kamua matone machache katika kikombe cheusi, utazame kama yana mabonge.

Ama kuhusu laktomita, maziwa yenye joto la kiweleni huonyesha uzito pungufu. Maziwa mazuri hayashuki chini ya 1.028 yakipimwa kwa digrii 20. Mwombe karani ayaache yapoe, ayakoroge polepole, kisha apime mbele yako. Akiendelea kuyakataa, mwombe Bwana Mifugo aje akamuliwe ng'ombe huyo mbele ya macho yake, na maziwa hayo yapimwe. Umwonyeshe na daftari lako: lita za kila siku, chakula ulichotoa, na siku ambazo mvua ilinyesha.