Dondoo muhimu: Nyoka aliyezaliwa na kasoro ya macho

Baadhi ya nyoka wa panya wa Texas, wale weupe pe wanaofugwa Marekani, huzaliwa na macho yaliyotokeza mno. Nyoka wengine huzaliwa na jicho dogo, au bila jicho kabisa. Wengi wao huishi vizuri wakitunzwa ipasavyo.

• Mlishe kwa harufu. Nyoka hunusa kwa ulimi. Yeyusha panya aliyegandishwa, mpashe kwa maji ya moto, kisha msogeze kwa koleo ndefu. Usimpe panya hai. Anaweza kumng'ata nyoka asiyemwona.

• Usihamishe vitu. Bakuli la maji na maficho vibaki palepale. Ondoa mawe na matawi yenye ncha, hasa kwa mwenye macho yaliyotokeza.

• Mbishie hodi. Mguse taratibu katikati ya mwili kabla ya kumnyanyua. Usianzie kichwani.

• Kagua gamba alilojivua. Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu linalotoka pamoja na ngozi. Tafuta vifuniko vya macho kwenye ngozi hiyo. Kikibaki jichoni, usikibandue kwa kucha wala kibanio: ongeza unyevu kizimbani, na kisipotoka safari inayofuata, mwone daktari wa wanyama.

• Usingoje. Jicho likivimba au kutoa usaha, mpeleke kwa daktari mara moja.

• Usimzalishe. Kasoro nyingine hurithiwa.