Somo la 14: Mkimbiaji Awa Kocha

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, Mkoa wa Mara. Mara ni jirani zetu sisi wa Mwamanyili.

Nyambui alikuwa hodari wa mbio ndefu. Alikwenda Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Huko alisoma na kukimbia.

Mwaka 1980 alikimbia mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Miruts Yifter wa Ethiopia alikuwa wa kwanza. Nyambui alikuwa wa pili, akapata medali ya fedha.

Miguu huzeeka. Ujuzi hauzeeki. Nyambui alipoacha mashindano alikuwa kocha, akawafundisha wengine kukimbia.

Maswali
1. Nyambui alipata medali gani?
2. Wewe una ujuzi gani? Utamfundisha nani?