Mkulima na Mtafiti Katika Shamba Moja: Somo la Majaribio ya Mazao ya Mafuta

Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, ilhali ardhi ya Shinyanga na Geita hustawisha alizeti, karanga na pamba, ambayo mbegu yake nayo hukamuliwa mafuta. Swali linalomkabili mkulima ni utaratibu upi utakaomlipa katika udongo wake mwenyewe bila kuuchosha.

Historia inalo fundisho. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Ardhi ya Kongwa ilipokauka iligeuka ngumu, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Kilichokosekana ni jaribio dogo kabla ya hatua kubwa.

Katika Kanda ya Ziwa, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, kina historia ndefu ya kuzalisha mbegu za pamba. Herufi UK katika aina za UK91 na UKM08 hutokana na jina lake. Hata hivyo, mbegu iliyofaulu kituoni yaweza kushindwa kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, au kwenye mbuga inayotuamisha maji. Ndiyo maana shamba la mkulima ni sehemu ya utafiti.

Namna ya kujaribu

Mkulima hupima vishamba viwili vya mita 10 kwa 10, vilivyo jirani na vyenye udongo unaofanana. Cha kwanza hulimwa kwa desturi yake. Katika cha pili hubadilishwa jambo moja tu: aina ya mbegu, nafasi au samadi. Yakibadilishwa mawili, haitajulikana lipi limeleta tofauti. Tarehe za kupanda, kupalilia na kuvuna huandikwa daftarini.

Kila kishamba ni takriban sehemu ya 40 ya ekari. Kikitoa kilo 8 za alizeti, ekari ingetoa takriban kilo 320. Matokeo ya msimu mmoja hayatoshi, kwa kuwa mvua hutofautiana.

Faida ya mzunguko

Mizizi ya karanga hubeba bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo zao linalofuata hunufaika. Aidha, mizizi ya karanga na pamba huamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mtama na mahindi. Kiduha hicho huota, hukosa pa kujishikiza, kikafa.

Mizani ya mkulima

Mtafiti hupima kilo. Mkulima hupima pia jasho. Kaya ambayo vijana wake wamekwenda machimboni Geita huenda isimudu utaratibu unaohitaji palizi tatu, hata kama mavuno yake ni makubwa. Hoja hiyo isiposemwa mapema, pendekezo zuri hubaki kwenye makaratasi. Akina mama, ambao mara nyingi ndio wapandaji na wapuraji wa karanga, wawe na sauti katika kuchagua.

Mkazi anayekusudia kujaribu amwone Afisa Ugani wa kata yake kabla ya mvua za vuli, akiwa na swali moja na eneo dogo. Kishamba kikishindwa, hasara ni ya kikapu. Ekari nzima ikishindwa, hasara ni ya chakula na ada za shule.