Mshahara wa Dada wa Kazi Si Siri ya Nyumba

Nyumba nyingi za mijini hapa Tanzania Bara zinasimama kwa mikono ya mtu ambaye wenye nyumba hawamhesabu kuwa ni mwajiriwa. Ndiye anayemwogesha mtoto, anayemgeuza bibi aliyepooza kitandani, anayekumbuka saa ya dawa ya presha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua kama mfanyakazi mwingine yeyote: saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya mwaka ya siku 28. Lakini haki hizo huishia getini. Kijitabu hiki kinajenga hoja moja: hazitavuka geti hilo mpaka wafanyakazi wa majumbani wajiunge mtaa kwa mtaa, na majirani wakubali kuwaunga mkono.

Tazama mshahara wenyewe. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013 ilimpa mfanyakazi anayelala kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023, takriban miaka kumi baadaye, ilimfikisha 60,000. Gawanya kwa siku 30, ni shilingi 2,000 kwa siku. Amri hiyohiyo iliweka 250,000 kwa anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia. Mtoto ni mtoto na nepi ni nepi, iwe Masaki au Mbagala. Kilichopimwa hapo ni hadhi ya mwajiri, wala si uzito wa kazi. Tofauti kama hiyo hudumu pale ambapo wanaoumizwa nayo hawana sauti ya pamoja.

Sauti hiyo inakosekana kwa sababu inayoeleweka. Sheria zetu za vyama vya wafanyakazi zilitungwa zikiwaza kiwanda, hoteli au shamba, mahali ambapo chama kikipata wanachama walio wengi kinapata haki ya kujadiliana na mwajiri. Nyumbani mfanyakazi ni mmoja. Akidai nyongeza, anadai peke yake mbele ya watu anaokula na kulala kwao, na jibu la haraka ni nauli ya kumrudisha kijijini. Chama kipo, CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani ni sehemu ya wanachama wake, lakini hakiwezi kubisha hodi kila mlango. Ndiyo maana mtaa lazima uchukue nafasi ya kiwanda. Wafanyakazi hawa hukutana bombani, sokoni, nje ya shule wanapowafuata watoto, na Jumapili baada ya ibada. Wakianza na kikundi cha akiba kama vikoba, ambavyo kina mama wanavijua vizuri, watapata kwanza fedha ya dharura, kisha watapata ujasiri wa kukubaliana kwamba hapa mtaani kwetu hakuna anayepokea chini ya kiwango fulani.

Kwenye afya upweke huu unauma zaidi. Anayemtunza mgonjwa akiugua mwenyewe hununuliwa vidonge duka la dawa, na asipopona hurudishwa kwao. Sheria inasema vingine: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mchango wa mwajiri katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa mshahara wa 60,000 hiyo ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa shilingi 300, anayeungua jikoni hatakiwi kutegemea huruma ya mtu.

Afrika Kusini inatuonyesha kinachowezekana. Mwaka 2012 mfanyakazi wa nyumbani mjini Pretoria, aliyeitumikia familia moja kwa miaka 22, alizama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake. Sheria ya fidia ya huko iliwatenga wafanyakazi wa majumbani, na binti yake hakupata kitu serikalini. Alikwenda mahakamani pamoja na chama cha wafanyakazi hao, SADSAWU, na Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ikaufuta ubaguzi huo kwa wafanyakazi wote wa majumbani.

Wapo wanaosema mshahara ukipanda, ajira zitapotea. Ni hofu ya haki, na imepimwa. Afrika Kusini ilipoweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2002, watafiti Taryn Dinkelman na Vimal Ranchhod walikuta mishahara imepanda kwa takriban asilimia 20 ndani ya miezi 16, bila ushahidi kwamba ajira au saa za kazi zimepungua. Wengine husema anakula na kulala bure. Lakini amri iliyoanza 2023 ilimpa asiyelala kwa mwajiri 120,000, na anayelala nusu yake. Chakula na malazi vilikwisha kukatwa. Kuvitaja tena ni kumkata mara mbili. Na anayesema “huyu ni kama mwanangu” tunampongeza, ila mwanawe ana siku ya kupumzika na hupelekwa hospitali akiugua.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwajiri ambaye naye ni mwalimu au nesi mwenye mshahara mdogo. Hapo tunakubali: mzigo wa malezi ni mkubwa kuliko mfuko wa familia moja, na halmashauri zinapaswa kuubeba kwa vituo vya kulelea watoto vya bei nafuu. Mwajiri huyo na dada wa kazi wana dai moja, basi na wakalipeleke pamoja kwenye mkutano wa mtaa.

Ewe mwajiri, mpe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Msipokuwa nayo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako. Nawe mfanyakazi, ukiachishwa kazi bila haki una siku 30 tu za kupeleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usiende peke yako.