Kuwasha Motokaa Wakati wa Baridi

Huku Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai, baridi ni kali. Twaona wenye motokaa wakiwasha injini na kuiacha ingurume muda mrefu kabla ya safari. Je, yafaa?

Mafuta ya injini yakipoa huwa mazito, lakini injini ikiisha kuwaka pampu huyafikisha upesi penye vyuma visuguanavyo. Motokaa za zamani zenye kabureta zilihitaji kungojewa dakika kadhaa, zisije zikazimika njiani. Nyingi za sasa hupima joto zenyewe na kujipatia petroli kwa kadiri; nusu dakika yatosha. Kisha tuendeshe taratibu mpaka injini ipate moto, maana ikifanya kazi hupata moto upesi kuliko ikisimama. Kuingurumisha bure ni kupoteza petroli.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Tusiwashe motokaa bandani tukaiacha humo, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Humlegeza mtu, akalala, asiamke tena. Kwanza tuitoe nje, ndipo tungoje. Walimu na wazee, wafundisheni vijana neno hili.