Somo la Mwezi wa 9: Wapatanishi na Njia ya Ndola

Kusoma: Isaya 2:1-4, Matayo 5:9 na 5:23-24, Waefeso 2:13-18.



Kila mwaka, tarehe 21 ya mwezi wa 9, mataifa yanakumbuka Siku ya Amani, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka tangu mwaka wa 1981. Mwaka uliopita, katika maombi ya siku ile hapa Makomeno, shemasi mumoja aliwaombea wote wanaotumika kwa ajili ya amani ya dunia: wakubwa wa mataifa, waganga wanaokwenda penye vita, na askari wenye kofia za bluu. Kanisa lote likaitika Amina. Muzee wetu mumoja, anayekaa karibu na dirisha, hakuitika. Tulipotoka inje tulimuuliza kwa heshima. Akatujibu: "ONU? Walipopiga muji huu nilikuwa chini ya kitanda cha mama. Muniache."

Jibu lile lilitusumbua, tena vijana walilisikia. Ndiyo maana tunaandika somo hili. Hatumuhukumu muzee, maana amesema jambo la kweli. Lakini Bwana naye amesema neno katika Matayo 5:9, kwamba wenye kufanya amani wataitwa wana wa Mungu. Inatupasa tuyaweke mambo mawili haya mbele yetu, bila kuficha moja.

Tuanze na mambo yaliyotokea. Inchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960. Siku kumi na moja tu zilipita, na tarehe 11 mwezi wa 7 Moïse Tshombe akatangaza hapa Elisabethville kwamba Katanga imejitenga. Umoja wa Mataifa ulituma askari Kongo mwezi ule ule. Mukubwa wa Umoja wa Mataifa alikuwa mutu wa Uswidi, Dag Hammarskjöld (jina gumu mudomoni, musomaji alisome polepole). Tarehe 12 mwezi wa 8 alifika mwenyewe kwa ndege katika muji wetu pamoja na askari wa kwanza, Waswidi wenzake. Vijana wengi hawajui kwamba mutu yule alikanyaga udongo huu wa Lubumbashi.

Je, askari wale walileta amani? Tuseme kweli yote. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961, Patrice Lumumba aliletwa hapa, kwenye uwanja wa ndege wa Luano, pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Wote watatu walikuwa wamefungwa na kupigwa. Askari wa ONU walikuwa kwenye uwanja ule wakaona. Hawakumuokoa mutu. Usiku ule ule wote watatu waliuawa. Tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka ule, ONU na askari wa Katanga walianza kupigana mujini, pande za posta na za radio. Mwezi wa 12 vita ilirudi kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo muzee wetu alikuwa chini ya kitanda. Katika vita ile ya mwezi wa 12 aliuawa pia Georges Olivet, Muswisi, mujumbe wa Musalaba Mwekundu katika muji wetu, pamoja na wenzake wawili. Alikuja kwa ajili ya waliojeruhiwa. ONU yenyewe ilipoteza karibu watu 250 katika Kongo mupaka ilipoondoka mwaka wa 1964. Kujitenga kwa Katanga kuliisha mwezi wa 1 mwaka wa 1963, na kuliisha kwa bunduki.

Basi muzee hakosi. Na hayuko peke yake: mwaka wa 2022 ndugu zetu wa Goma na Butembo waliandamana kuwafukuza askari wa MONUSCO, wakisema wamekaa miaka mingi na watu wanazidi kuuawa. Katika maandamano yale raia walikufa, na askari wa ONU walikufa pia.

Sasa turudi kwenye siku zile za mwezi wa 9 mwaka wa 1961, kwa sababu kuna jambo ambalo mara nyingi halisimuliwi majumbani. Vita ilipoanza mujini tarehe 13, Hammarskjöld alikuwa anafika Léopoldville. Angeweza kukaa pale na kutuma maagizo. Angeweza kumuita Tshombe aje kwake, maana yeye alikuwa mukubwa wa mataifa yote. Alifanya kinyume. Alikubali kumufuata Tshombe hata Ndola, ngambo ya mupaka, ili waongee uso kwa uso na kunyamazisha bunduki. Njia hiyo tunaijua sisi wote: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, halafu Ndola. Wafanya biashara wetu wanaipita kila wiki.

Siku ya Mungu, tarehe 17, ndege yake iliondoka Léopoldville jioni. Haikupita juu ya Katanga, kwa kuogopa ndege ya vita iliyokuwa upande wa Tshombe. Ilizunguka mashariki mupaka pande za Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini. Tshombe alikuwa amekwisha kufika Ndola, anangoja. Kisha saa sita ya usiku ndege ilianguka katika pori karibu na Ndola. Ndani yake walikuwa watu 16. Mumoja tu alipatikana akiwa muzima, naye akafa siku chache nyuma yake. Siku mbili kisha kifo kile, tarehe 20, katika Ndola ile ile, Tshombe na mujumbe wa ONU walitia sahihi ya kusimamisha vita. Haikudumu, tumekwisha kusema. Lakini ilitiwa.

Ndege ile ilianguka kwa sababu gani? Mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa ulimuweka Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mukuu wa Tanzania, kuongoza uchunguzi mupya. Mwaka wa 2017 alitoa taarifa kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka inje. Tena akasema kuna mataifa ambayo hayajafungua vitabu vyao vyote vya siri. Tunaona ni jambo la kufikirisha kwamba mutu wa inchi ya Kiswahili ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kweli juu ya kifo cha Muswidi huyu aliyekufa kwa ajili ya Katanga.

Hapa tufungue Matayo 5:23-24. Wengi wetu tumesoma mistari hii vibaya. Tunafikiri Bwana anasema: kama wewe una neno juu ya ndugu yako, nenda. Somea vizuri. Anasema: kama ndugu yako ana neno juu yako. Mutu wa kutoka na kwenda ni yule anayelaumiwa. Anaacha sadaka yake pale mbele ya mazabahu, mbuzi wake amefungwa, watu wanamutazama, na yeye anatoka kwenda kupiga hodi kwa mutu anayemukasirikia. Ni haya kubwa. Sisi tunapenda yule mwingine aje, kwa sababu sisi ni wakubwa, au tuna haki, au yeye ndiye alianza. Tazama sasa njia ya Ndola. Tshombe alikuwa na neno juu ya ONU, na neno lake halikuwa dogo, maana muji wake ulikuwa unapigwa. Na yule mwenye kulaumiwa ndiye aliyepanda ndege usiku.

Tena Bwana hakusema heri wanaopenda amani. Nani haipendi? Mwenye duka anaipenda kwa sababu ya mali yake, mwizi naye anaipenda kisha kuiba. Bwana alisema juu ya wanaoifanya.

Tuliposoma habari za maisha ya mutu huyu, tuliona jambo lingine la kulishika. Katika nyumba kubwa ya Umoja wa Mataifa kule New York alitengeneza chumba kidogo cha ukimya, kikafunguliwa mwaka wa 1957, ili mutu wa dini yoyote aingie na kunyamaza mbele ya Mungu. Katikati ya chumba hakuna sanamu. Kuna jiwe moja la madini ya chuma kutoka Uswidi, uzito wake karibu tani sita na nusu, na mwangaza mumoja unashuka juu yake. Sisi watu wa shaba hatuhitaji kufundishwa uzito wa jiwe la namna hiyo. Mwenyewe alieleza kwamba chuma kinatoa upanga na kinatoa jembe pia, na uchaguzi ni wa mutu. Musomaji wa Isaya 2:4 anaelewa mara moja. Na madini ya Katanga, ndugu, yametengeneza nini? Shinkolobwe haiko mbali na hapa. Mawe yake yaliingia katika bomu lililotupwa Hiroshima mwaka wa 1945.

Hammarskjöld alipewa zawadi ya amani ya Nobel mwaka ule ule wa 1961, akiwa kaburini. Zawadi hiyo hiyo alipewa ndugu yetu wa Bukavu, muganga Denis Mukwege, mutoto wa muchungaji, mwaka wa 2018, kwa kazi yake ya kutunza wanawake walioharibiwa na vita.

Lakini sisi wa kanisa hili hatuhitaji kwenda New York kutafuta mutu wa amani. Papa Simon Kimbangu, askari walipomutafuta mwaka wa 1921, alirudi mwenyewe Nkamba akajitoa mikononi mwao. Hakuruhusu mutu ashike silaha kwa ajili yake. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa Elisabethville. Alikaa katika gereza la muji huu miaka 30, hata alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka wa 1951. Muji huu umeona, katika muda wa miaka kumi, kifo cha mufungwa asiyekuwa na kitu mukononi, na kifo cha mukubwa wa mataifa aliyekuwa njiani kuja kuongea nao. Wote wawili, bunduki hazikuwasikiliza.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna ONU inayoweza kutufanyia. Mwaka wa 1961 Baluba kwa makumi ya maelfu walikimbia nyumba zao za Elisabethville wakaenda kulala katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa ONU. Hawakutoka inchi ya mbali. Walitoka avenyu ya pili, ya tatu. Walikuwa wakimbizi katika muji wao wenyewe. Halafu mwaka wa 1992 katika Likasi, na mwaka wa 1993 katika Kolwezi, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwa miezi kwenye vituo vya gari la moshi wakingojea kusafirishwa. Watoto wengi walikufa pale. Waganga wa Médecins Sans Frontières walikuja na dawa, na tunawashukuru. Sisi tunaoandika tulikuwa watoto wa shule. Tunakumbuka asubuhi mwalimu aliita majina, na majina mengine hayakuitika, na mwalimu hakuuliza waliko. Akaendelea na hesabu.

Mugeni anaweza kuleta hema, maji na dawa. Kulinda mulango wa jirani ni kazi ya jirani. Na maneno ya wakati ule hayajakufa. Mutu anaposhuka gari la moshi na mifuko yake, tunasikia namna anavyoitwa, hata na watu waliotoka kwenye maombi.

Mbele ya kutoa somo hili tulimupelekea muzee wetu, tukamusomea lote. Alisikiliza. Akauliza: "Yule wa ndege, alikuwa na bunduki?" Tukasema walikuwa walinzi pamoja naye, lakini yeye hapana. Akasema: "Basi nitawaombea watoto wake." Tukamuambia hakuoa, hakuacha mutoto. Akanyamaza kwa muda. Kisha akatusimulia kwamba mwaka wa 1961 jirani yao, tata mumoja Muluba, alikimbilia kambini na watu wake. Baridi ilipokuwa kali na makala hayapatikani, baba yake muzee alitoa mulango wa nyumba ile, wakaupikia. Tata yule hakurudi. "Bukari bwa siku ile nilikula," akasema.

Ametukubalia kuandika neno hili, kwa sharti jina lake lisionekane.

Maswali kwa vikundi: Kwa nini Bwana anamutuma anayelaumiwa, asimungoje mwenye kulaumu? Tunaweza namna gani kuwaombea askari wa ONU bila kumunyamazisha yule aliyeumizwa nao? Na katika avenyu yenu, kuna nyumba gani ambayo wenyewe waliondoka bila kupenda, na ni nani anayekumbuka majina yao?