Padre mwenye rekodi ya kupigwa

Mei 1912, nyota wa besiboli Ty Cobb wa Detroit Tigers alimpiga shabiki aliyemtukana, akafungiwa. Wenzake wakagoma. Timu ikaokoteza vijana mjini Philadelphia, akiwemo Aloysius Travers, miaka 20, mwanafunzi wa chuo cha Wajesuiti. Akapewa kazi ngumu kuliko zote: kuwarushia mpira mabingwa watetezi, Athletics.

Jamani, walipigwa 24 kwa 2! Travers hakutoka, alirusha mpaka mwisho. Ligi kuu hakurudi tena. Mwaka 1926 alipata daraja ya upadre, Mjesuiti, akawa mwalimu. Nasi waseminari tunacheka, ila kwa heshima: katika American League, rekodi ya mrushaji kuruhusu pointi nyingi katika mechi moja bado ni ya Padre Travers.